Vichupa Kumi na Viwili vya Ishiara

Gitonga aliponiambia nijaze vile vichupa kumi na viwili kwa damu ya mtu mmoja, nilipaswa kuvua koti langu jeupe, nilitundike kwenye msumari na kwenda nyumbani. Badala yake nilimwuliza, "Ya nani?" Hapo ndipo nilipokosea. Mtu anayeuliza "ya nani" ameshakubali, amebaki kupanga tu.

Ninyi vijana mnaoanza kazi ya maabara mmeniomba niwaandikie nilivyoifanya mimi. Nitawaambia, lakini msitarajie mpangilio. Nilifanya kazi miaka ishirini na tisa katika hospitali ndogo ya misheni juu ya Runyenjes, kwenye ukanda wa chai. Niliingia pale na cheti cha kidato cha nne chenye alama ya biolojia iliyomfurahisha mama yangu peke yake. Yote mengine nilifundishwa na Gitonga, mkuu wa maabara, Mmeru wa Tigania, mtu mfupi mwenye sauti ya mtu mrefu. Tulimwita Mwalimu.

Siku yangu ya kwanza Mwalimu alikunja shati, akanyoosha mkono wake mezani.

"Nichome, wewe Muembu. Ukikosa mshipa, chai ya leo ni yako kununua."

Nilinunua chai wiki mbili mfululizo. Wiki ya tatu nikaupata mshipa, naye akasikitika waziwazi, maana alikuwa ameizoea chai ya bure.

Alichonifundisha bado kinafaa. Mshipa hutafutwa kwa kidole, si kwa macho. Macho hupenda mshipa wa kijani ulio juu, na huo hukimbia. Usimwulize mama kama anaogopa, kwa sababu hapo ndipo anapokumbuka kuogopa. Mama wa Mbeere mwulize habari za mbuzi wake. Mchuma chai wa huku kwetu mwulize kama mvua ya mlimani imeshuka. Mmeru usimwulize kitu, atakueleza mwenyewe. Kichupa kikishajaa kigeuze polepole, kama unayembembeleza mtoto alale, ili damu ichanganyike na dawa ya kuizuia isigande. Ukikitikisa kama soda umeiharibu. Na jina liandikwe damu ikiwa imeshaingia, mama akiwa bado amekaa mbele yako, naye alitaje jina lake kwa mdomo wake. Anayeandika majina kabla ya kupata damu huyo anatunga hadithi.

Hilo la mwisho Mwalimu alilirudia kila Jumatatu. Mtaona alivyolitunza.

Mashine yetu ya kuzungusha damu ilikuwa mzee kuliko sisi wote. Ukiiwasha ilitetemeka na kutembea juu ya meza kama mbuzi aliyefungwa kamba fupi. Siku moja Padre alikuja kubariki maabara. Alipofika pale pa kunyunyiza maji, mashine ikajirusha ukingoni na kuanguka miguuni pake kwa kishindo. Padre aliruka nyuma, akafanya ishara ya msalaba mara tatu, akasema kwamba sasa chumba kimekuwa safi. Mwalimu akanong'ona, "Ametolewa pepo, na bajeti ya kumrudisha hatuna." Tuliirudisha mezani, tukaifunga kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Iliendelea kutembea.

Nawaambia habari za mashine ili mwelewe tamaa yetu alipokuja Dakta Loretta.

Alikuja katika ile miaka ya tisini ya mwisho, kutoka Amerika, daktari wa akina mama wajawazito. Alikuwa mweusi kama sisi, na hilo lilimletea taabu. Akina mama kliniki walimsalimu kwa Kiembu, naye akatabasamu tu bila kujibu. Mmoja akamvuta Mwalimu kando. "Huyo msichana wa Wakamba ana maringo," akasema. Mwalimu akamweleza kwamba ni Mmarekani. Mama akamtazama Dakta tena, kuanzia viatu. "Hata kama. Salamu ni salamu."

Dakta alitukalisha akatueleza kazi yake kwa Kiingereza, nami nitawaeleza kwa maneno yangu. Damu ikimwagika huganda, ndiyo kazi yake. Lakini mna kitu ndani ya damu kinachoiambia, basi, inatosha. Wako watu waliorithi kosa dogo, na damu yao haisikii amri hiyo vizuri. Mwanamke mjamzito damu yake tayari imeongeza kuganda, ili siku ya kujifungua asiishiwe. Akiwa na kosa hilo pia, donge linaweza kujitengeneza mguuni, hasa baada ya kuzaa. Likikatika na kupanda hadi mapafuni, linaua.

Kwa Wazungu kosa hilo si geni. Kwa wajawazito weusi wa kwao, Dakta alilikuta kwa wachache. Alichotaka kujua ni hao wachache walilitoa wapi. Lilivuka bahari na bibi zao kutoka Afrika, au liliingia kwao kupitia babu Mzungu, aliyekaribishwa au asiyekaribishwa? Kwa hiyo alihitaji damu ya wajawazito wa huku kwetu. Vichupa sitini, na kwa kila kichupa fomu yenye maswali matatu. La tatu lilisema: wewe, mama yako au dada yako amewahi kuvimba mguu mmoja baada ya kujifungua?

"Hilo la tatu ndilo kubwa," alituambia. "Damu itanionyesha kosa. Swali hili litaniambia nani yuko hatarini."

Kisha akasema orodha ikitimia, ile mashine mpya aliyokuja nayo, iliyozunguka kimya kama paka anayelala, angetuachia. Mwalimu aliitazama mashine ile jinsi mtu anavyotazama mchumba.

Vichupa arobaini na vinane tulivipata kliniki kwetu bila shida. Kumi na viwili vilipaswa kutoka Ishiara, tambarare ya joto kule Mbeere, na nikatumwa mimi. Nilikosa sanduku la barafu, nikaazima la rafiki yangu wa idara ya mifugo. Nilifika siku ya soko, nikapanga vifaa vyangu karibu na akina mama wanaouza ndengu, nikaanza hotuba yangu. Mama mmoja mwenye mimba kubwa alisikiliza hadi mwisho, kisha akanyoosha kidole.

"Hilo sanduku si lile la juzi la kuchanja mbwa?"

Wauza ndengu wote wakageuka kulitazama. Nikasema limeoshwa.

"Limeoshwa, sawa. Na damu yangu inaenda wapi?"

"Amerika, mama. Kwa ndege."

"Mimi hata basi la Embu sijapanda mwaka huu, na damu yangu ipande ndege ikiwa ndani ya sanduku la mbwa!"

Walicheka hadi ndengu zikamwagika. Mchinjaji akaniita kutoka kibandani, "Kijana, nina damu ya mbuzi hapa, freshi, haina maneno!" Nikarudi na paja la mbuzi nililonunua kwa aibu, na vichupa kumi na viwili vitupu.

Asubuhi iliyofuata ilikuwa Jumanne, na Dakta alikuwa anaondoka saa tisa. Mwalimu alitazama vile vichupa, akatazama mashine mpya, akafunga mlango.

"Jaza."

"Wamekataa, Mwalimu."

"Nimesikia. Jaza kwa damu ya mtu mmoja. Amesema kosa lenyewe kwa watu weusi ni nadra. Watakuta hapana, hapana, hapana, mara kumi na mbili. Hapana ya mama mmoja na hapana ya mama kumi na wawili zina tofauti gani?"

Nami nikauliza, "Ya nani?"

Mke wangu Karimi alikuwa na mimba ya miezi mitano, ya mtoto wetu wa tatu baada ya Wanja na mdogo wake. Alikuwa Mmeru wa Muthara, huko huko Tigania kwa Mwalimu, na ndiye aliyekuwa akiniletea chakula cha mchana kazini, si kwa upole bali kwa sababu hakuamini vyakula vya kantini. Alipoingia na bakuli lake, Mwalimu akampa kiti kwa heshima iliyomtia wasiwasi.

"Kuna nini, Baba Wanja? Mbona huyu ananikaribisha?"

Nikamweleza. Akacheka.

"Kumbe mmeshindwa na wanawake wa Ishiara. Na nikitoa mimi, nitapata nini?"

"Liko paja la mbuzi nyumbani."

"Hilo ningekula hata hivyo. Sema kingine."

"Nitaosha vyombo mwezi mzima."

"Mwalimu, umesikia? Wewe ni shahidi." Akanyoosha mkono.

Nilijaza vichupa vyote kumi na viwili kutoka mshipa mmoja. Si damu nyingi, hakuumia. Akachukua bakuli, akaenda zake akiimba. Nasi tukakaa kuandika majina. Mwalimu alitaja wanakwaya wa kanisani kwao, mimi nikataja shangazi zangu. Fomu tatu niliandika kwa mkono wa kushoto ili mwandiko utofautiane, nikajiona fundi. Jina la Karimi halikuwa hata kwenye fomu moja.

Kalamu yangu ilisimama mara moja tu, kwenye swali la tatu. Kule Muthara mama mkwe wangu alikuwa akitembea akiburuta mguu wa kushoto, na mguu huo aliuvisha soksi nzito hata kiangazi. Kwa nini? Sikujua. Ninyi wa siku hizi mnakaa na mama wakwe zenu sofa moja mkitazama televisheni. Sisi tulikuwa na nthoni, ile heshima ya ukweni. Nikikutana naye njiani nilipisha kichakani. Salamu nilimpa nikitazama mti. Mguu wa mama mkwe hauonwi, haujulikani, hauulizwi, wala humtumi mkeo akuulizie. Nikaandika "Hapana". Kisha nikaandika tena, mara kumi na moja.

Saa tisa Dakta alihesabu vichupa vyake sitini, akatushukuru kwa mikono miwili. Mashine ikabaki. Mwalimu aliifunika kwa kitambaa cha meza alichotoa kwake nyumbani.

Nami niliosha vyombo mwezi mzima. Majirani walikuja kutazama kupitia dirishani.

Miezi mitatu ikapita. Siku moja ya Jumatano, tukiwa tunakunywa chai, Dakta Loretta akaingia maabara bila kubisha, na begi jeusi begani. Akavuta kiti. Akaweka karatasi mezani.

"Vichupa arobaini na vinane havina kosa," akasema. "Vya Ishiara vyote kumi na viwili vinalo."

Mwalimu alimeza chai ya moto bila kuhisi.

"Basi nikashangaa," Dakta akaendelea. "Nikapima kundi la damu. Wote kumi na wawili ni AB. Kundi lililo adimu kuliko yote. Bwana Gitonga, Ishiara watu wanakunywa maji gani?"

"Dakta," Mwalimu akasema, "watu wa kule ni wa ukoo mmoja."

"Ukoo mmoja sana," akajibu. Alikuwa akitabasamu, lakini si kwa macho. Kisha akaniangalia mimi. "Sikuja kumfukuzisha mtu kazi. Vichupa hivyo nimeshavitoa kwenye hesabu yangu. Ninachotaka ni mama huyo mmoja. Mimba yake sasa lazima imekua. Namtaka nimwulize swali la tatu. Kama kwao hakuna aliyevimba mguu, tutamwangalia tu. Kama yupo, atadungwa dawa tangu siku atakapojifungua, wiki sita. Dawa ninayo humu." Akapiga begi. "Ni nani?"

Karimi wakati huo alikuwa umbali wa mtu kuita. Alikuwa ameketi kivulini nje ya kliniki, miguu ameinyoosha, akitaniana na nesi.

Mwalimu akanikanyaga mguu chini ya meza. Lakini nisimsingizie. Ulimi ulikuwa wangu. Nilifikiria mwandiko wa mkono wa kushoto, nikafikiria koti langu jeupe, nikafikiria nitakavyoitwa ofisini.

"Alikuwa mpita njia, Dakta," nikasema. "Simjui."

Akatoa kalamu begini. Kisha akaandika namba ya simu ya hoteli yake mjini Embu. "Nitakuwa hapo hadi Ijumaa saa sita. Ukimkumbuka, piga. Na hata usipopiga, mwambie hivi: mguu mmoja ukivimba, asikae nyumbani, na asiukande."

Jioni Karimi aliniuliza akiwa anapepeta mchele, "Nimemwona yule Dakta wenu. Damu yangu ilionekanaje?"

"Safi kama maji ya mto Rupingazi."

"Nilijua," akasema. "Damu ya Muthara hiyo."

Mtaniuliza kwa nini sikumwambia hata yeye. Nimejiuliza zaidi yenu. Kumwambia kulimaanisha kumwuliza habari za mguu wa mama yake. Pia nilijiambia kwamba ule ni ugonjwa wa Wazungu, nao hauwezi kufika Tigania. Na hapo nilikuwa nikijidanganya mchana kweupe. Mama mkwe wangu alikuwa na rangi ya chai ya maziwa na pua nyembamba kama kisu cha peni, na Muthara nzima ilijua kwamba baba yake mzazi alikuwa mmoja wa wale wafungwa Waitaliano wa wakati wa vita, waliokuwa wakitengeneza barabara. Kila mtu alijua, na hakuna aliyesema, mimi mkwe nikiwa wa mwisho kusema. Dakta alikuwa amesafiri nusu ya dunia kuuliza kosa hili huingiaje katika familia nyeusi, na jibu lake lilikuwa likinipikia chakula cha jioni.

Ijumaa saa nne nilikwenda hadi kwenye simu ya ofisi. Karani alikuwa akiitumia. Nikasubiri kidogo, nikarudi kwenye hadubini yangu. Nawaambia ukweli wangu wote: nilifurahi kwamba ilikuwa inatumika.

Karimi alijifungua mtoto wa kiume, salama, kwa urahisi, akinitania hadi dakika ya mwisho kwamba safari hii vyombo ni mwaka mzima. Siku ya tisa mguu wake wa kushoto ukavimba. Alisema ni uchovu wa kusimama. Mimi niliyekuwa nimeambiwa kwa kinywa cha daktari asiukande, nikachemsha maji, nikachovya kitambaa, nikaanza kuukanda. Naweza kuwaeleza jinsi mtu anavyofanya hivyo. Anajiambia kwamba kama ni uchovu, basi hakusema uongo.

Mama mkwe alikuwa amekuja kumwona mtoto. Aliingia chumbani, akaona ninachofanya. Mama yule ambaye kwa miaka tisa hatukuwahi kutazamana usoni aliniita kwa sauti iliyonisimamisha.

"Baba Wanja! Acha!"

Kisha akaketi kitandani, akavua soksi yake mbele yangu. Mguu ulikuwa umevimba, mgumu, ngozi yake nyeusi kama ya ndizi iliyoiva kupita kiasi.

"Hivi ndivyo ulivyoanza wangu nilipomzaa huyu," akasema. "Nilikaa hospitali Meru miezi miwili. Daktari aliniambia nilipona kwa bahati. Mlikuwa mkiniona nachechemea miaka yote hii. Mbona hukuniuliza, mwanangu? Wewe mtu wa hospitali?"

Nilikimbia kutafuta gari. Karimi alikuwa amejilaza kiti cha nyuma, kichwa mapajani mwa mama yake, mtoto ameachiwa jirani. Tulikuwa tumeikaribia kabisa hospitali aliposema, "Baba Wanja, sipati pumzi." Akasema mara mbili. Nilimwambia tumefika, na kweli geti lilikuwa linaonekana.

Juma lililofuata nilikwenda kwa mkuu wa hospitali nikamweleza kila kitu, pamoja na mkono wa kushoto. Hakunifukuza. Alisema hakuna adhabu ya ofisini anayoijua inayotosha, akanipa likizo. Nilimwandikia Dakta Loretta jina kamili la yule mama, na jibu sahihi la swali la tatu. Alinijibu kwa upole ambao sikustahili. Mwalimu Gitonga alistaafu mapema. Tulipokutana njiani alikuwa wa kwanza kutazama chini, nami sikumlaumu, kwa sababu yeye alisema "jaza" mara moja, lakini mimi nilipewa nafasi ya kusema kweli Jumatano, Alhamisi na Ijumaa.

Kazi sikuipoteza. Koti jeupe nililivaa hadi siku ya kustaafu. Kukubali kwangu siku ile ya Jumanne kulinigharimu Karimi, mke wangu, akiwa na miaka thelathini na mmoja. Watoto wetu watatu walikua bila mama, na yule wa mwisho alikuwa naye kwa siku tisa.